Parachichi Dodoma linaota, kazi ni kulivusha kiangazi cha kwanza

Kila mvua zikikaribia maswali yanakuja yale yale. Dodoma parachichi linakubali kweli? Nipande kokwa au ninunue mche? Mbona langu limekauka na nilikuwa namwagilia kila siku asubuhi na jioni? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike yote sehemu moja, anayeuliza asome hapa.

Linakubali. Ninayo miti miwili nyuma ya nyumba huku Nzuguni, mmoja unazaa na mwingine umeanza kutoa maua. Kabla ya hiyo ilikufa mitatu, na yote mitatu ilikufa kati ya Septemba na Novemba, nikaja kugundua na wenzangu wa Ipagala na Mkonze yao imekufa miezi hiyo hiyo. Mche unapandwa Januari, unachipua vizuri Februari na Machi, mtu anafurahi, anapiga picha, Juni na Julai baridi inausimamisha kidogo, halafu mwezi wa nane upepo unaanza na jua la mwezi wa kumi linakuja kumalizia. Kwa hiyo ukisoma hatua zote hapa chini ujue zinalenga kitu kimoja tu, kuuvusha mche wako kiangazi cha kwanza na cha pili. Ukishavuka hapo mti wenyewe unajua pa kwenda.

Kuna mama jirani yangu kwao Tukuyu, anashangaa sana tunavyohangaika, anasema kwao kokwa ukitupa jalalani linaota lenyewe. Ni kweli kabisa, kule mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Sisi huku tunapata kama 500 mpaka 600, zote zinashuka kati ya mwisho wa Novemba na Aprili, baada ya hapo miezi saba hivi mbingu imefunga. Na parachichi asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, sio mti wa ukame kama mzabibu, mizizi yake mingi inakaa juu juu na haina vile vinywele vingi vya kunyonyea maji kama mimea mingine, ndo maana udongo wa juu ukikauka mti unateseka haraka.

Kokwa au mche wa kubebesha?

Ukitaka matunda mapema na unataka kujua unapata tunda gani, nunua mche uliobebeshwa, yaani kikonyo (kipande cha tawi) cha mti mzuri kimeunganishwa juu ya shina la mche mwingine. Huo ukitunzwa unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Kokwa inaweza kuchukua miaka mitano, saba, hata kumi na zaidi, na tunda lake halifanani lazima na lile ulilokula, unaweza ukala parachichi tamu lenye mafuta ukapanda kokwa yake ukaja kuvuna la majimaji lenye nyuzi.

Ila kokwa sio ya kudharau. Kwanza ni bure. Pili unaweza kuotesha mwenyewe, ukifika unene wa penseli unamwita mtu wa kitalu anakubebeshea kikonyo cha mti mzuri unaojulikana. Na kuna jambo wengi hawalijui: yale maparachichi makubwa ya ukanda wa chini wenye joto yanavumilia chumvi na joto kuliko yale ya milimani, kwa hiyo kwa maji yetu ya visima, shina la chini likitoka kwenye kokwa ya aina hiyo unakuwa umejisaidia sana.

Kuhusu aina ya Hass, kila mtu anaitaka sababu ameisikia Njombe. Hass ilitokea California, mwenye nayo aliitwa Rudolph Hass akaisajili mwaka 1935, na huku Tanzania inafanya vizuri sana Njombe, Iringa na Rungwe kwenye ubaridi. Nyumbani Dodoma inaota, lakini joto kali wakati wa maua linaipukutisha. Mimi ningekwambia panda Fuerte au aina ya kienyeji inayozaa tayari kwenye joto, kisha kama una nafasi ya mti wa pili weka Hass.

Kuotesha kokwa ni hivi: toa kokwa kwenye tunda lililoiva, ioshe mafuta yote yatoke, usiiache juani hata siku moja sababu ikikauka inakufa. Jaza kiriba kikubwa (mfuko wa nailoni wa kuoteshea miche) au ndoo mbovu iliyotobolewa chini kwa mchanganyiko wa udongo na samadi iliyooza, zika kokwa upande mpana uwe chini na uliochongoka uwe juu, kichwa chake kichungulie kidogo. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu usiwe tope. Itapasuka na kuchipua kati ya wiki tatu na nane, usiifukue kuangalia. Ile ya kuchoma vijiti vya meno na kuning'iniza kwenye glasi ya maji inaota pia, ila mizizi yake ni laini mno na ukija kuihamishia kwenye udongo wetu inashtuka. Ya nini kujipa kazi mara mbili.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mche wenye afya, urefu wa futi moja na nusu mpaka mbili
- Sururu na koleo (udongo wa Dodoma ukikauka jembe peke yake halitoshi)
- Samadi iliyooza madebe mawili mpaka matatu
- Matandazo: maganda ya karanga, mabua ya uwele au mtama, majani makavu
- Miti minne ya kujengea kivuli na viroba vya sandarusi au shedi neti
- Dumu la lita 20, lile bovu lisilofaa kuwekea maji ya kunywa
- Maji ya uhakika. Hili liwe la kwanza kabisa. Kama mtaani kwenu maji yanatoka mara moja kwa wiki na huna simtanki wala pipa, anza na pipa kwanza, mche utanunua mvua ijayo

Hatua zenyewe

1. Chagua mahali. Kaa mbali na ukuta wa nyumba angalau mita tano, mbali na karo la choo pia. Jua la asubuhi ni zuri, jua la saa nane mpaka saa kumi ndo linalochoma, kwa hiyo sehemu ambayo nyumba au mti mwingine unaizibia upande wa magharibi inafaa zaidi. Upepo wetu mwingi unatoka mashariki na kusini mashariki, kama kiwanja kiko wazi upande huo, vile viwanja vya Iyumbu kwa mfano, weka uzio wa mabua au panda kitu cha kukinga. Alafu pawe karibu na bomba au tenki, mti ulio mbali na maji unasahaulika, hilo nimeliona kwa watu wengi.

2. Chimba shimo mapema, Oktoba au Novemba. Futi mbili kwenda chini na futi mbili kila upande. Udongo wa juu weka pembeni yake, wa chini weka pembeni yake, usichanganye. Ukikuta kokoto au tabaka gumu livunje kwa sururu, usiridhike na shimo la futi moja.

   Kisha jaribu maji. Mwaga madumu mawili kwenye shimo, yakiisha mwaga tena mawili, uende ukalale. Ukiamka maji bado yapo, hapo ni udongo wa mbuga au kuna mwamba chini, na parachichi likikaa na maji miguuni mizizi inaoza haraka sana. Usipande kwenye shimo hilo. Ama hama, ama inua tuta la mviringo la futi moja na nusu kwenda juu na upana wa mita moja na nusu, upande juu yake.

3. Changanya udongo. Udongo wa juu uliotenga changanya na samadi madebe mawili. Hapa ndo miche mingi inauawa na mwenyewe. Samadi iwe imeoza kweli: haina harufu, haina joto ukiingiza mkono, huoni tena vipande vya majani. Mbichi inaunguza mizizi na inaita mchwa. Ukinunua kwa trip ya kirikuu ukaletewa mbichi, ilundike, ilowanishe, ifunike na igeuze kila wiki mbili, baada ya miezi mitatu itafaa. Rudisha mchanganyiko shimoni, mwagia maji, uache ushuke wenyewe wiki mbili tatu.

4. Nunua mche kwa macho yako. Usitume bodaboda. Mche uliobebeshwa unaonyesha kovu la kuunganishia, kipande cha chini na cha juu vina rangi tofauti kidogo, na kovu liwe limepona limekaza. Mimi niliwahi kuuziwa miche miwili nikaambiwa ni ya kubebesha, nimefika nyumbani naangalia shina ni moja tu limenyooka toka chini mpaka juu, ilikuwa ya kokwa. Angalia pia chini ya kiriba, mizizi ikiwa imetoka nje na kujizungusha mche huo umekaa muda mrefu mno, uache. Majani yawe kijani kilichokolea, yasiwe na ncha zilizoungua.

   Ukifika nao nyumbani usiupande siku hiyo. Mche umetoka kwenye kitalu chenye kivuli, uweke chini ya mti au barazani wiki moja mpaka mbili uzoee hewa ya kwako.

5. Panda jioni, mvua zikishakaa sawa. Subiri ardhi ilowane vizuri, mara nyingi ni Desemba katikati mpaka Januari. Mvua ya kwanza ya Novemba inadanganya, inanyesha siku mbili halafu jua wiki mbili. Mwagilia mche saa chache kabla, chana kiriba kwa wembe upande mmoja na chini, toa bonge la udongo likiwa zima. Mizizi ya parachichi haipendi kuguswa, usiitikise wala kuichambua.

   Uso wa bonge uwe sawa na uso wa ardhi au juu yake vidole viwili. Kovu la kubebesha libaki juu, lisifukiwe hata kidogo. Shindilia kwa viganja, usikanyage na miguu. Tengeneza beseni la udongo kuzunguka, upana wa nusu mita kutoka kwenye shina, na katikati pawe juu kidogo ili maji yasituame kwenye shina lenyewe. Mwaga lita 20 taratibu.

6. Jenga kivuli siku hiyo hiyo. Miti minne, juu sandarusi au mabua, pembeni acha wazi hewa ipite, ila upande wa upepo na wa magharibi ning'iniza kiroba. Watu wanasema mbona ni mvua, kivuli cha nini. Februari mvua ikikatika wiki mbili utakiona umuhimu wake. Kivuli kikae mpaka mvua za mwaka unaofuata, ndo uanze kukifungua kidogo kidogo. Shina lipake chokaa nyeupe iliyochanganywa na maji, ganda la mparachichi mchanga likipigwa na jua kali linapasuka.

7. Maji. Hapa nitakaa kidogo sababu ndipo penye vifo.

   Kosa kubwa ni kumwagia kikombe kikombe kila siku. Maji yanalowanisha juu tu, jua linayanyonya, chumvi inabaki. Mwagilia kwa wingi halafu pumzisha. Mimi mwaka wa kwanza wakati wa kiangazi naweka dumu moja la lita 20 mara mbili kwa wiki, Oktoba na Novemba mara tatu, mwaka wa pili madumu mawili kwa ratiba hiyo hiyo. Kama udongo wako ni kichanga, gawanya uweke kidogo kidogo mara nyingi zaidi, kama ni mfinyanzi punguza. Kabla hujamwaga choma kijiti au kidole chini urefu wa kidole chote, kama pana unyevu wa kushikana subiri kesho.

   Lile dumu bovu toboa kitundu kidogo chini kwa msumari mwembamba, liweke pembeni ya beseni, lijaze, maji yatatoka tone tone saa nyingi mpaka yafike chini. Unaweza kwenda kazini Mtumba ukarudi bado linadondoka. Hii ndo iliyookoa miti yangu.

   Sasa chumvi. Visima vingi vya mitaani huku maji yake yana chumvi, na parachichi ni mmoja kati ya miti ya matunda inayoshindwa kabisa na chumvi. Yaonje: kama ulimi unaisikia, mti unaisikia zaidi. Kinga maji ya mvua kwenye bati kadiri unavyoweza, ukiwa na ya bomba yasiyo na chumvi tumia hayo, na kama huna jinsi ni ya kisima tu, basi mara moja kwa mwezi mwaga mara mbili au tatu ya kawaida kwa mkupuo ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni sawa. Maji ya kufulia hapana, sabuni ya unga ina chumvi chumvi zake zinazojikusanya kwenye udongo.

8. Tandaza. Maganda ya karanga huku kwetu yapo ya kumwaga, ni matandazo mazuri sana, na mabua pia. Unene wa kiganja kilichosimama kwa ubavu, yafunike beseni lote, lakini yaache nafasi ya shubiri moja kutoka kwenye shina. Yakigusa shina yanaozesha ganda na kuwapa mchwa daraja. Yakipungua ongeza.

9. Linda dhidi ya mchwa na mbuzi. Mchwa anapenda mti uliodhoofika kwa kiu na vitu vikavu vilivyofukiwa, kwa hiyo shimoni kusiwe na visiki wala magogo. Kagua shina kila wiki, ukiona njia ya udongo inapanda ivunje siku hiyo. Majivu kuzunguka beseni yanasaidia kidogo ila mvua inayaondoa, majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kulowekwa nayo wengi wanatumia. Kama kichuguu kipo karibu mtafute malkia umtoe, vinginevyo unahangaika bure. Dawa ya dukani ikilazimu, soma lebo na fuata kipimo.

   Mbuzi ni habari nyingine, weka uzio wa miiba. Na sio mti tu unaolindwa hapo: majani ya mparachichi yana sumu kwa mbuzi, kondoo, sungura na hata kuku. Usiwakatie matawi yake kama malisho hata kama nyasi zimekosekana, mbuzi anayenyonyesha anaweza kuharibika kiwele.

10. Mbolea na kupogoa. Kidogo tu. Debe moja la samadi iliyooza mvua zinapoanza, lingine kabla hazijaisha, lisambaze juu ya beseni bila kuchimba sababu mizizi iko juu. Machipukizi yanayotoka chini ya kovu la kubebesha kata yote mapema, hayo ni ya shina la chini na yakiachwa yanaumeza mti. Matawi mengine yaache, yanajikinga jua yenyewe.

11. Maua na kuvuna. Mti mmoja unatoa maelfu ya maua na yanayobaki kuwa tunda hayafiki moja kati ya mia, usiogope ukiona chini pamejaa. Ua la parachichi linafunguka mara mbili, kwanza kama jike halafu siku inayofuata kama dume, na aina zinatofautiana saa: Hass inafunguka jike asubuhi, Fuerte mchana. Ndo maana ukiwa na zote mbili, au jirani akiwa na nyingine, matunda yanaongezeka. Usipulizie dawa wakati wa maua, nyuki ndo wanaofanya kazi hapo.

    Parachichi haliivi likiwa mtini. Chuma moja lililokomaa liweke ndani wiki moja mpaka siku kumi, likilainika vizuri anza kuvuna, likinyauka na kuwa kama mpira ngoja wiki mbili tatu ujaribu lingine.

Ukiona mambo haya

*Ncha za majani zimeungua rangi ya kahawia, hasa majani ya zamani.* Chumvi kwenye maji, au samadi nyingi. Sukuma chumvi kama nilivyoeleza, badilisha chanzo cha maji ukiweza. Majani yaliyoungua hayarudi, angalia yanayochipua mapya.

*Majani yamelegea na udongo umekauka.* Kiu. Mwagilia taratibu jioni, asubuhi yatakuwa yamesimama.

*Majani yamelegea, yanakuwa ya njano, na udongo umelowa.* Hii ndo ya hatari, na ndo watu wanazidisha maji wakidhani ni kiu. Mizizi inaoza. Acha kumwagilia, ondoa matandazo, chimba mfereji wa kutoa maji. Fukua kidogo pembeni uangalie vimizizi, vikiwa vyeusi na vinakatika hovyo uwezekano wa kupona ni mdogo, na sehemu hiyo usirudishie parachichi lingine.

*Majani mapya ya njano lakini mishipa ni ya kijani.* Mti unakosa madini ya chuma, inatokea sana kwenye udongo wenye chokaa nyingi. Ongeza mboji juu, na maduka ya pembejeo wana mbolea ya majani yenye chuma. Usimwage tena majivu hapo.

*Kilele kimekauka, chini bado kijani.* Upepo na jua. Usiung'oe. Kwaruza ganda kwa ukucha, ukikuta kijani kata sehemu iliyokufa mpaka hapo, rudisha kivuli, endelea na maji. Mmoja wa miti yangu ulikauka mpaka juu kidogo ya kovu mwezi wa kumi na moja, mvua zilipofika ukatoa machipukizi matatu, nikaacha moja.

*Mti wa kokwa una miaka minane, mkubwa, hauzai.* Kwanza angalia kama unapata jua na kama humwagii mbolea ya kukuzia kila mara, inakuza majani tu. Kama yote sawa na umechoka kusubiri, mwite mbebeshaji mvua zikianza, akate matawi mawili matatu abebeshe vikonyo vya mti unaozaa, yale mengine yabaki kuulisha mti mpaka vikonyo vishike. Mizizi ya miaka minane tayari ipo, kwa hiyo matunda hapo hayachukui muda mrefu kama mche mpya.